Skripti inapangwa lini, na nani analipia?

Siku ya tatu ya kupiga filamu, saa nane mchana, Mbagala. Jenereta inaunguruma nje ya nyumba tuliyoikodi kwa siku nzima, watu kumi na wanne tumebanana sebuleni, jasho linatiririka, na mwigizaji aliyekuwa anacheza dada mkubwa akaweka sahani ya wali chini akauliza, tena kwa upole: “Samahani jamani, mimi nimejuaje kwamba huyu ni mdogo wangu? Maana kwenye sini ya juzi nilikuwa simjui.”

Kimya. Muongozaji akanitazama mimi, kwa kuwa skripti ilikuwa yangu. Nikaanza kuifunua kwa haraka, ingawa nilishajua jibu halimo. Katika rasimu ya kwanza kulikuwa na barua. Katika ya pili niliitoa ile barua kwa sababu ilinichosha, na sikuweka kitu mahali pake. Dakika arobaini baadaye tulimwazima mama aliyekuja kutupikia, tukamfunga kanga, tukampa sentensi moja: “We Zuhura, huyu si mtoto wa baba yako yule wa Kilwa?” Ukiitazama filamu ile utamwona. Anaingia, anamwaga siri ya ukoo mzima, anatoka, hatumwoni tena mpaka mwisho.

Swali lile lingeweza kuulizwa miezi miwili nyuma, mezani kwangu, bure. Liliulizwa Mbagala, kwa gharama ya petroli, chakula cha watu kumi na wanne na kodi ya nyumba. Tangu siku hiyo ule ubishi wa vijiweni kwamba mwandishi wa kweli hapangi, anaifuata hadithi inakompeleka, au kwamba mwandishi wa kweli hupanga kila kitu kabla ya kuandika neno, umenipotezea ladha. Kila filamu hupangwa. Kuna wanaoipanga kwenye kadi, kuna wanaoipanga kwa mdomo, kuna wanaoipanga mazoezini na waigizaji, na kuna wanaoipanga kwenye chumba cha uhariri wakati pesa imeshakwisha. Tofauti iko kwenye bei ya kosa, na mfuko unaolipa.

Kwanza tuelewane skripti ni kitu gani, maana hapo ndipo watu wanaotoka kwenye riwaya hujikwaa. Riwaya ikikamilika, msomaji anaichukua hivyo hivyo akaisome kitandani. Skripti haisomwi na mtazamaji hata siku moja. Inasomwa na mtu wa mavazi anayetaka kujua shati litachanika mara ngapi ili anunue mashati matatu. Inasomwa na mtu wa lokesheni. Inasomwa na prodyuza anayehesabu sini za usiku, kwa kuwa za usiku zinakula taa na posho. Kwa mpangilio uliozoeleka Hollywood, herufi za Courier za pointi 12, ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, ndiyo maana skripti nyingi huangukia kati ya kurasa 90 na 120. Mwandishi wa riwaya akipotea kwa kurasa thelathini, amepoteza mwezi wake mwenyewe. Mwandishi wa filamu akipotea kwa kurasa thelathini na asigundue, amewapoteza watu wote hao kwa nusu saa ya filamu.

Nichukue hadithi ninayoiandika sasa hivi ili tusiongee hewani. Kuna fundi cherehani, mzee mjane, kibanda chake kiko Tandika. Amepewa kazi ya kushona shela. Bwana harusi ni baharia, yuko melini miezi mitano sasa, atarudi wiki ya harusi. Fundi anampima bibi harusi mara ya kwanza, anaandika vipimo kwenye daftari lake. Wiki tatu baadaye anampima tena, na futi kamba inamwambia kiuno kimeongezeka inchi mbili na nusu. Binti anaona kwamba fundi ameona. Hakuna anayesema kitu. Na anayelipia shela ni mama wa bwana harusi.

Hiyo ni hadithi ya kusimuliana barazani, bado si filamu. Hatua ya kwanza kwa wapangaji (sisemi wa nyumba) ni kuibana iwe sentensi moja: fundi cherehani anaijua siri ya bibi harusi kupitia futi kamba, na lazima aamue shela alishone kwa vipimo vipi. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo kazi. “Anaijua siri” ni habari tu. “Aamue alishone kwa vipimo vipi” ni kitu ambacho kamera inaweza kukiona mikononi mwa mtu. Sentensi ikikataa kubanwa, mara nyingi ni kwamba hujajua bado hadithi ni ya nani. Mimi kwa wiki nzima nilidhani ni ya binti.

Baada ya sentensi unaweza kuandika ukurasa mmoja wa muhtasari, kisha kurasa kumi au zaidi zinazosimulia hadithi yote kwa wakati uliopo bila mazungumzo. Hizo mara nyingi zinaandikwa kwa ajili ya mwenye pesa, na kwa sababu hiyo huwa zina sukari nyingi. Sitakaa sana hapo. Kinachonivutia ni kadi.

Kadi moja, sini moja. Juu unaandika mahali na wakati: NDANI. KIBANDA CHA FUNDI. JIONI. Chini unaandika nani yupo na kitu gani kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho wa sini. Kama hakuna kilichobadilika, kadi hiyo ni mapambo. Unazibandika ukutani au unazitandaza sakafuni, na uzuri wake wote ni kwamba zinahama. Dustin Lance Black, aliyepata Oscar ya skripti kwa filamu ya Milk, hufanya utafiti kwa muda mrefu kisha hutandaza kadi mezani na kuzisogeza na kuzipunguza kwanza. Mazungumzo huja mwishoni.

Nionyeshe kwa karibu kwa nini kuhama kuna maana. Ninayo kadi ambayo mama wa bwana harusi, mama Salum, anapita kibandani na kuuliza: “Vipimo viko sawa, fundi?” Mwanzoni niliiweka kabla ya kipimo cha pili. Pale ni mteja tu anaulizia kazi yake, mtazamaji anaweza kutumia nafasi hiyo kujibu ujumbe wa simu. Nikaibandua, nikaishusha hatua mbili, ikawa baada ya inchi mbili na nusu. Maneno ni yale yale, hata nukta sijabadilisha. Lakini sasa swali lile linakata kama wembe, na fundi anainamia cherehani yake ili asionekane uso. Ukiwa umeshaandika kurasa sitini za mazungumzo matamu, hutakuwa na moyo wa kufanya uhamisho huo. Kadi ni karatasi ya bei rahisi, haimuumi mtu.

Kutoka kwenye kadi watu hufika kwenye vielelezo. Mwaka 1979 Syd Field alichapisha kitabu kilichogeuka kama katekisimu ya Hollywood: hadithi ina sehemu tatu, na kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza na ya pili kuna tukio linaloigeuza njia. Mwaka 2005 Blake Snyder akaja na chake, akaigawa filamu katika vituo 15, akavipa na namba za kurasa. Kwenye skripti ya kurasa 110, tukio la kuamsha hadithi litokee ukurasa wa 12, shujaa aingie ulimwengu mpya ukurasa wa 25, katikati ni 55, na kila kitu kionekane kimeharibika ukurasa wa 75. Ukishavisoma vituo hivi huwezi tena kutazama filamu kwa amani. Unajikuta unaangalia saa kwenye dakika ya kumi na mbili.

Msimamo wangu ni huu: kielelezo ni kizuri kwa kupimia na kibaya kwa kushonea. Rasimu yangu ya kwanza ya fundi ilipitia kwenye vituo vya Snyder, nikagundua kipimo cha pili kinatokea ukurasa wa 41. Sikuhitaji kufika ukurasa wa 12 kwa kuwa kitabu kimesema, lakini nilihitaji kujiuliza kurasa arobaini nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa namwonyesha mzee akinywa kahawa. Ilikuwa kahawa nzuri, lakini kurasa arobaini! Tatizo huanza pale mtu anapochukua vile vituo 15 kama fomu ya kujaza. Filamu inatoka kama shela la kukodi Kariakoo: halimkatai mtu, halimkai mtu.

Wanaopanga kwa mdomo

Paul Schrader, aliyeandika Taxi Driver ya mwaka 1976, anayo njia ambayo ningetegemea itoke pwani yetu na siyo kwa Mmarekani aliyelelewa katika familia ya kanisa kali lililokataza sinema. Yeye husema kuandika filamu kuko karibu zaidi na usimulizi wa mdomo kuliko fasihi ya vitabu. Kabla ya kuandika, anaisimulia hadithi kwa mtu. Anatazama uso. Macho ya msikilizaji yakipotea, hapo pana shimo. Anarekebisha papo hapo, na kesho anamsimulia mtu mwingine. Hadithi ikiweza kushikilia watu kwa dakika arobaini na tano, anajua inaweza kushikilia filamu. Hapo ndipo anaandika orodha ya matukio, na skripti yenyewe hufuata kwa kasi.

Sisi tuliokua tukijibu “Pakawa!” tunajua jambo hili bila kufundishwa. Bibi yangu hakuwahi kusimulia kisa cha sungura namna moja mara mbili. Mtoto akisinzia, simba alitokea mapema. Wote tukiwa macho, sungura alipewa muda wa kutamba. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa na watoto saba wasiokuwa na adabu ya kujifanya wanasikiliza, wakati wewe ukisimulia skripti yako kwa rafiki, rafiki atakutazama machoni hadi mwisho kwa sababu anakupenda na umemnunulia soda. Dawa niliyoipata ni kusimulia kwa watu wasionidai chochote. Kisa cha fundi nilimsimulia kinyozi wangu. Nilipofika kwa mama Salum, mashine ikasimama kichwani. “Mama mkwe ndiye analipa?” akauliza. Nikajua kadi ile ipo mahali pake. Nilipofika kwenye barua ya baharia akawasha mashine tena. Barua nimeitoa, na safari hii nimeweka kitu mahali pake.

Usimulizi unaficha kosa la aina moja, nalo ni la sauti. Msimulizi mzuri anaziba mashimo kwa macho, kwa mikono, kwa “sasa bwana we.” Kamera haina hayo. Ndiyo maana Schrader mwenyewe haishii mdomoni.

Nyumba ya wageni, Japani

Akira Kurosawa, muongozaji wa Kijapani, alipanga kwa kufungiana ndani na wenzake. Yeye, Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni walikuwa wakienda kwenye nyumba ya wageni nje ya mji, wanakaa meza moja, wanaandika. Kwa namna Hashimoto alivyoeleza baadaye, Kurosawa na yeye waliweza kuandika sini ile ile kila mtu kwa mkono wake, kisha Oguni, ambaye alikuwa zaidi msomaji na hakimu, akasoma na kuamua ipi iende mbele. Kulikuwa na mtu mezani ambaye kazi yake ni kutokubali. Laiti ningekuwa naye kabla ya Mbagala.

Seven Samurai ya mwaka 1954 haikuanza kama tunavyoijua. Wazo la mwanzo lilikuwa siku moja ya maisha ya samurai mmoja, askari wa upanga wa Japani ya zamani: anaamka, anakwenda kazini kwenye ngome, anafanya kosa, jioni anajiua kwa heshima. Hashimoto alizama kwenye nyaraka miezi kadhaa akakwama kwenye jambo ambalo mtu mwingine angelirukia: mchana walikula nini, na wapi? Walibeba chakula kutoka nyumbani au walilishwa? Walikula mara ngapi kwa siku enzi hizo? Hakupata jibu la kuaminika, na filamu ya siku moja ya mtu isiyojua mlo wake wa mchana haiwezi kusimama. Akaiacha. Kurosawa alikasirika sana. Lakini maswali ya mlo yakawasogeza kwenye swali jingine: samurai asiye na bwana, anayezunguka nchi kunoa upanga wake, aliishije bila pesa? Katika kutafuta wakaambiwa kwamba vijiji vilikuwa vikiwapa chakula na mahali pa kulala kwa malipo ya kulinda usiku. Wakulima wanakodi samurai kwa wali. Hapo filamu ikapatikana.

Kisha Kurosawa akajaza madaftari. Kila samurai kati ya saba alipewa kurasa zake: anavaaje, anaongeaje, anapenda kula nini, akiitwa kwa nyuma anageuka vipi. Wanakijiji nao akawatungia orodha ya kaya, nani ni wa nyumba gani, nani ni ndugu wa nani. Sehemu kubwa ya hayo haionekani kwenye skrini kama habari. Inaonekana kama watu mia kwenye tope la mvua ambao kila mmoja anajua asimame karibu na nani.

Huu ni upangaji wa aina nyingine kabisa na ule wa kadi. Kadi zinapanga matukio. Daftari la Kurosawa linapanga watu na dunia yao, halafu matukio yanatarajiwa kuchipua humo. Mimi nimejifunza kwa shida kwamba mwandishi anayejua kusuka visa ndiye anayelihitaji zaidi daftari, na anayependa watu wake kupita kiasi ndiye anayehitaji kadi. Kwa kawaida kila mmoja hukimbilia ile asiyoihitaji.

“Lakini fulani hakuwa na skripti”

Kila warsha ya uandishi ina kijana mmoja atakayesimama na kusema muongozaji Mike Leigh hatumii skripti. Ni kweli, Mwingereza huyu haanzi na skripti. Anaanza na waigizaji, mmoja mmoja, wanamjenga mhusika tangu utoto wake, kisha anawakutanisha wahusika katika mazoezi ya kubuni papo hapo yanayokwenda kwa miezi. Kila mwigizaji anajua tu yale ambayo mhusika wake angeyajua. Kwenye Vera Drake ya mwaka 2004, kuhusu mama wa London wa miaka ya 1950 anayewasaidia wasichana kutoa mimba kwa siri, waigizaji waliocheza familia yake hawakujua anafanya hivyo. Katika mazoezi, siku polisi walipogonga mlango katikati ya sherehe ya familia, mshtuko ulikuwa wa kweli. Yaliyopatikana humo yakachujwa na kukazwa kabla ya kamera, na mwishowe Leigh akateuliwa kuwania Oscar ya skripti asilia kwa filamu hiyo.

Kwa hiyo kijana wetu akisema Leigh hapangi, mwulize analipa mazoezi ya miezi mingapi. Zile saa ambazo mwingine anazitumia peke yake na kadi zake, Leigh anazitumia na watu wanaolipwa mishahara.

Wong Kar-wai wa Hong Kong alikwenda mbali zaidi. In the Mood for Love, iliyotoka mwaka 2000, ilipigwa kwa takriban miezi kumi na mitano bila skripti iliyokamilika. Aliitafuta hadithi kwa kamera, akapiga mengi ambayo hatukuyaona, akaipata kwenye uhariri, na kazi hiyo ikaendelea hadi mlangoni mwa tamasha la Cannes. Filamu ni ya ajabu kwa uzuri. Lakini huo ni upangaji wa bei ghali kuliko wote niliokwisha kuutaja, na waigizaji wake ilibidi wawe na subira ya mvuvi.

Kisha kuna Casablanca. Upigaji wake ulianza Mei 1942 skripti ikiwa haijaisha. Kurasa zilikuwa zinafika mikononi mwa waigizaji zikiwa bado za moto, na Ingrid Bergman hakuwa na hakika mwishoni mhusika wake angeondoka na mwanamume yupi. Ilishinda Oscar tatu, mojawapo ya skripti. Wanaoipenda hadithi hii husahau kutaja kwamba chini yake kulikuwa na tamthilia nzima iliyoandikwa tayari na Murray Burnett na Joan Alison, yenye ule mkahawa na yule mwanamume mwenye jeraha la mapenzi, na juu yake kulikuwa na studio yenye waandishi wa mshahara. Hawakuwa wanaruka bila kamba. Kamba ilifungwa na wengine.

Hapa kwetu enzi za kanda na DVD za Bongo Movie, filamu nyingi zilipigwa kwa kitu kilichoitwa skripti lakini kilikuwa orodha ya sini: sini ya 9, sebuleni, Jackson anamfumania mkewe. Maneno wakajaze waigizaji. Ni kawaida kulicheka jambo hili, nami nimelicheka, ila nadhani tunacheka mahali pasipo. Waigizaji wengi walitoka kwenye vikundi vya maigizo na vichekesho ambako kubuni maneno jukwaani ndiyo ufundi wenyewe, na Kiswahili chao kilikuwa hai kuliko cha skripti nyingi zilizoandikwa neno kwa neno na watu kama mimi. Kilichokosekana ni ile miezi ya Leigh. Kwetu mazoezi yalifanyika ndani ya Noah njiani kwenda lokesheni. Mfumania na mfumaniwa wote walijua cha kusema. Hawakujua wameoana miaka mingapi, kwa hiyo kila ugomvi ulisikika kama wa watu waliofahamiana asubuhi ile.

Televisheni ya mfululizo nayo ina mambo yake, maana hapo upangaji hauishi. Waandishi wa Breaking Bad, mfululizo wa Marekani, walikaa chumba kimoja na ubao wa kadi, wanavunja kila kipindi tukio kwa tukio kabla mmoja wao hajakwenda kukiandika. Ukisikia hivyo utadhani walijua yote. Msimu wa tano ulipoanza Julai 2012, sini ya kwanza ilimwonyesha mhusika mkuu, Walter White, akinunua bunduki kubwa ya rashasha na kuifungia kwenye buti la gari. Vince Gilligan, mwenye mfululizo, amekiri kwamba walipoiandika hawakujua ile bunduki itatumika wapi. Walijiwekea deni mbele ya watazamaji wote, wakalilipa mwaka uliofuata kwenye kipindi cha mwisho. Kama huna ubao na wenzako sita wa kukukumbusha deni, usijaribu.

Kuna njia moja zaidi, ya kuazima mpango wa mtu mwingine. Amil Shivji alipotengeneza Vuta N’kuvute, filamu iliyooneshwa kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, hakuanza na ukuta mtupu. Alikuwa na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, na skripti akaiandika pamoja na Jenna Bass. Unaweza kudhani hapo kazi imepungua. Imegeuka tu. Riwaya ile ina siasa, bandari, magereza, mitaa, safari, watu wengi wanaodai haki yao ya kurasa, nasi tulioisoma shuleni tumekaa mstari wa mbele na vidole juu. Kupanga kunakuwa kuamua nani hatapanda jahazi, na filamu ile iliamua uzito uende kwa Yasmini na Denge. Nimesikia watu wakilalamika kwamba wamepunguziwa. Ndiyo, wamepunguziwa. Saa moja na nusu haina buti la kubebea riwaya nzima.

Nimewasifu wapangaji sana, nisiwaache bila kuwasema. Kupanga ni maficho mazuri kuliko yote. Ninalo faili la kurasa sitini la hadithi ya wavuvi wa Mafia: ukoo wa kila mhusika, ramani ya kijiji, mpaka majina ya majahazi. Hakuna hata sini moja. Kila nilipotaka kuandika niligundua sijajua bado bei ya ngisi mwaka wa hadithi, nikarudi kutafuta. Hashimoto alitafuta mlo wa mchana kwa sababu bila huo filamu isingesimama. Mimi nilitafuta ngisi ili nisiandike. Kwa nje kazi hizo mbili zinafanana kabisa. Siku hizi najiwekea kikomo: kadi zikifika arobaini na nikaweza kuisimulia hadithi kwa kinyozi bila kusema “ngoja, nimeruka kitu,” naanza kuandika hata kama moyo haujaridhika.

Na nikianza, mpango hubomoka. Wiki iliyopita nilifika kwenye kadi ya 14, ile ya mama Salum kibandani. Kadi inasema wazi: fundi anadanganya, mama anaamini, anaondoka. Nikaandika anavyoingia, anavyokunja ncha ya shela kuangalia mishono, anavyouliza, “Vipimo viko sawa, fundi?” Fundi akajibu kitu ambacho hakikuwa kwenye kadi, bali ni jambo la kawaida kwa fundi yeyote wa Tandika: “Nimeacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, mama Salum. Mwali akiwekwa ndani hunenepa.”

Kwenye kadi mama anaondoka hapo. Kwenye ukurasa aliachia ile ncha, akamtazama mzee, akasema: “Hata kabla hajawekwa?”

Kadi za 15 mpaka 22 ziliandikwa na mtu aliyedhani mama hajui. Nimezibandua zote. Ziko mezani, nimeziwekea kikombe juu zisipeperushwe na feni, na jioni nakwenda kunyoa.